Ameitwa na Mungu, chuo cha nini tena?

"Aliyeitwa hahitaji darasa." Kati ya dhana kuhusu chuo cha theolojia, kinachoandaa watumishi wa kanisa, hii naisikia kuliko zote, na wanaoisema mara nyingi ni watu wanaoipenda kazi ya Mungu kwa dhati. Hoja yao ni Matendo 4:13, ambapo Petro na Yohana wanaitwa "watu wasio na elimu, wasio na maarifa". Lakini aya hiyo inaendelea: wakuu wa Wayahudi waliowahoji "wakawatambua ya kwamba walikuwa pamoja na Yesu". Petro na Yohana walikuwa naye kwa miaka, wakiuliza, wakikosolewa, wakitumwa na kurudi kueleza yaliyowapata. Huko kulikuwa kusoma, tena kwa Mwalimu mwenyewe. Na neno darasa limo kwenye Biblia yetu: Matendo 19 inasema Paulo alifundisha kila siku "katika darasa la mtu mmoja, jina lake Tirano", kwa muda wa miaka miwili. Baadaye, akiwa kifungoni na akijua mwisho wake u karibu, anamwagiza Timotheo amletee joho "na vile vitabu, hasa vile vya ngozi".

Wengine hushika 2 Wakorintho 3:6, "andiko huua, bali roho huhuisha", wakidhani Paulo anakataza vitabu. Anzia mistari michache juu, utaona anazungumzia agano lililoandikwa katika mawe na agano jipya. Kusoma hakutajwi kabisa.

Kazi kubwa ya chuo ni hiyo, kukuzoeza kuanzia juu. Nakumbuka somo la mahubiri mwaka wa kwanza. Mwenzetu alisimama na Warumi 12:1, "Basi, ndugu zangu, nawasihi", akaenda moja kwa moja kwenye dhabihu iliyo hai, sauti juu, akitukemea kwa uchoyo wetu. Mwalimu akamrudisha kwenye neno la kwanza. "Hilo 'basi' linatoka wapi?" Darasa zima kimya. Tukarudi nyuma sura kumi na moja, tukakuta Paulo ameeleza kwanza huruma za Mungu kabla hajamdai mtu kitu. Wiki iliyofuata yule ndugu alihubiri aya ileile, safari hii ikiwa mahubiri ya shukrani. Sijayasahau.

"Chuo cha theolojia ni mambo ya kuiga, Kanisa la Afrika lilikua bila hayo." Chuo Kikuu cha St. Paul's kilichopo Limuru kilianza mwaka 1903 huko Frere Town, Mombasa, katika makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Kilihamia Limuru mwaka 1930. Tangu mapema, watu wetu walikaa chini wakasoma ili wawahudumie wenzao.

"Kigiriki ni mbwembwe za wasomi." Ndiyo lugha iliyoandikiwa Agano Jipya, na mimi naona kinatusaidia hata kukipenda Kiswahili chetu. Katika Luka 22 Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "amewataka ninyi", kisha anasema "nimekuombea wewe". Kigiriki kina wingi kisha umoja, na watafsiri wetu wameuhifadhi. Anayeandaa mahubiri kwa Kiingereza pekee anaweza kupita hapo bila kuona kwamba wote waliwindwa, na mmoja akaombewa ili awaimarishe wengine.

"Ukimaliza tu, wewe ni mchungaji." Hapana. Chuo hutoa cheti. Kukubariki au kukuweka wakfu ni uamuzi wa kanisa lako. Wengi hutumwa na kanisa tangu mwanzo, tena si wote wanaokwenda kuwa wachungaji: kuna wainjilisti, walimu wa dini, wahudumu wa vijana na wa hospitali. Muda nao hutofautiana sana. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa inataka walau miaka sita, miwili ya falsafa na minne ya theolojia. Kuhusu wanawake, kila kanisa lina msimamo wake, ila asikwambie mtu kwamba jambo hilo halijulikani kwetu: Nyambura Njoroge alibarikiwa kuwa mchungaji katika PCEA, kanisa la Presbiteri nchini Kenya, mwaka 1982. Na kabla hujalipa ada, hakikisha chuo kinatambuliwa, kwa mfano shahada za Tanzania kupitia TCU na za Kenya kupitia CUE, tume zinazosimamia vyuo vikuu. Shahada za kununua zipo, nazo huumiza waumini.

"Huko imani hupoa." Wapo wanaoyumba, sitaki kuficha. Mtu hugundua kwamba mafundisho ambayo Mathayo anayaweka mlimani, Luka anayaweka "mahali tambarare", akakosa usingizi. Ila ni heri swali hilo likukute kati ya watu wanaosali nawe kila asubuhi kuliko likukute peke yako, usiku wa kuamkia Jumapili.

Na wanaodhani chuo ni vitabu tu, wangeniona wodini. Tulitumwa kutembelea wagonjwa, halafu turudi tuandike mazungumzo neno kwa neno, la mgonjwa na letu, na kuyasoma mbele ya wenzetu. Niliposoma yangu nilisikia kitu ambacho sikukisikia pale kitandani. Yule mama alikuwa amemtaja mwanawe mara tatu. Mara zote tatu nilimjibu kwa aya. Kesho yake nilirudi, nikavuta kiti, nikamuuliza mtoto anaitwa nani.