Achari Ianze, Mboga za Chupa Zingoje

Msimu wa maembe ukifika Arua na Yumbe, kaskazini-magharibi mwa Uganda, matunda huozea chini ya miti. Hapo wengi hupata wazo la kutengeneza achari au jemu na kuwauzia majirani na wenzao kazini. Ni wazo zuri. Katika mafunzo, swali la kwanza huwa la wateja. Mimi huomba lisubiri, maana lipo la kulitangulia: chakula unachotaka kukifunga kwenye chupa kina uchachu wa kutosha?

Kuna bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Vijimbegu vyake hukaa udongoni, huvumilia maji yanayochemka, na humea pasipo na hewa, yaani ndani ya chupa uliyoifunga vizuri kabisa. Sumu yake hupoozesha misuli, hata ile ya kupumulia, na inaweza kuwamo bila harufu wala ladha ya kukushtua. Asidi ndiyo humzuia: kipimo cha uchachu, pH, kikiwa chini ya 4.6 (kikishuka, uchachu umezidi), vijimbegu havimei. Embe bichi, ndimu, ukwaju na siki viko upande huo. Embe lililoiva sana hupungua uchachu, kwa hiyo jemu yake itiwe maji ya ndimu.

Maharage, dodo (mchicha, si embe), uyoga, nyama na samaki haviko upande huo. Kuvifunga kwenye chupa za kukaa rafuni kunahitaji mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, na sufuria yako haifiki huko. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale, karibu mita 2,000, ni 93 tu. Vyakula hivyo uza vikiwa vya moto, siku hiyohiyo. Na ile pilipili ya mafuta yenye vitunguu saumu, tunayoipenda sana mezani? Watu hudhani mafuta yanahifadhi. Mafuta yanafukuza hewa tu, na huyo bakteria hataki kingine. Itie siki ya kutosha na upime, au iweke kwenye friji na iliwe ndani ya siku chache.

Mwinuko huohuo huharibu jemu pia. Vitabu vya mapishi husema ipikwe hadi nyuzi 105. Ukitii hivyo Kabale utapata peremende. Pima maji yanachemkia nyuzi ngapi kwako, kisha ongeza nne au tano. Chupa nazo zichemshe dakika 15, si 10.

Siagi ya karanga, odii kwa watu wa Gulu na Lira, huonekana rahisi kuliko vyote kwa kuwa ni kukaanga na kusaga. Mimi huiogopa. Karanga zilizoanikwa chini au kuwekwa zikiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo huharibu ini, na kukaanga hakuimalizi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo. Chambua kwa mkono kabla ya kukaanga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Usimpe hata kuku. Ukinunua zilizokwisha kusagwa, umenunua usichoweza kukichambua.

Alama ya Q, yaani ya ubora, hutolewa na shirika la viwango la Uganda, UNBS, baada ya kukagua mahali unapofanyia kazi na kupima sampuli. Usiichapishe mwenyewe kwenye lebo. Jina la bidhaa, viungo, uzito, tarehe na mahali pa kukupata, hayo yaandike tangu chupa ya kwanza.

Bei? Hesabu mkaa, chupa na vifuniko, hata kama maembe ni ya bure.

Kila ukipika, ipe sufuria hiyo namba yake, na bakiza chupa mbili usiziuze. Kifuniko cha mojawapo kikivimba, usiionje. Piga simu kwa kila aliyenunua yenye namba hiyo.