Ashura si shetani

Juzi nilikuwa kibanda umiza, nimekaa benchi la nyuma. Jamaa aliyeingiza sauti ya Kiswahili kwenye katuni ya Kijapani alipofika kwenye jina Ashura akatoa ufafanuzi wake palepale: "Sasa huyu ndiye shetani mwenyewe!" Watoto wakaangua kicheko na kugeukia mlangoni, maana binti wa mwenye kibanda, yule anayekusanya viingilio, anaitwa Ashura.

Ningelipuuza kama si mpwa wangu, aliyeanza kusoma RG Veda, manga (hadithi ya picha ya Kijapani), kwenye simu, kuniuliza jioni ileile: "Mjomba, mbona shujaa wa hadithi ni shetani?"

Jina la yule binti limetoka Uarabuni, kwenye siku ya kumi ya Muharram. Ashura wa manga ametoka India. Ni asura ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ikapita kwa Wachina, ikafika Japani na matamshi ya huko. Majina yamegongana tu, hayana undugu. Na asura maana yake ni nini? Ni jamii ya viumbe wenye nguvu za kimungu, wenye hasira na wivu, walio vitani na miungu wa mbinguni daima. Katika mafundisho ya Kibudha yaliyoenea Japani, ulimwengu wao ni mmojawapo wa sita ambamo kiumbe anaweza kuzaliwa upya, na jehanamu ni mwingine kabisa. Anayetafuta shetani kwa Wabudha amtazame Mara, aliyemjaribu Buddha chini ya mti. Huyo kidogo anafanana.

Linalonikera ni hilo neno lenyewe, kwa sababu historia yake inamkana kila anayelitafsiri "shetani". Katika Rigveda, tenzi kongwe za India, asura lilikuwa neno la heshima, kama kusema mtukufu au bwana. Mungu Varuna anaitwa asura, mungu Agni anaitwa asura, hata Indra mwenyewe, mfalme wa miungu, anaitwa hivyo. Waajemi wa kale, ambao lugha yao ilitoka tumbo moja na Kisanskriti, walitamka ahura, na ndiyo iliyomo katika Ahura Mazda, jina la Mungu wao mkuu. Baadaye njia zikaachana. India deva wakabaki miungu na asura wakawa maadui wao. Kwa Waajemi daeva ndio wakageuka pepo wabaya, ahura akabaki juu.

Kisha wasomi wa India wakalipasua neno. Kisanskriti hukanusha kwa kutanguliza a-, basi wakasoma a-sura, "asiye mungu", na kutokana na hapo wakajipatia sura, neno jipya lenye maana ya mungu. Usiwacheke. Sisi tulipokea kitabu kutoka kwa Waarabu, ambao ki hiyo kwao ni sehemu ya neno lenyewe, tukaidhani ni ki- yetu, leo tuna vitabu kabatini. Kosa lao lilisafiri mbali kuliko letu: baadhi ya watafsiri wa Kichina waliandika asura kwa alama mbili zenye maana ya "si" na "mungu".

Wabudha wanaosoma maandiko ya Kipali, lugha nyingine ya kale ya India, wana maelezo mengine, nami nayapenda zaidi ingawa kiisimu hayana mashiko. Katika Kipali, sura ni pombe. Wanasimulia kwamba asura ndio waliokuwa wakaazi wa kwanza wa mbingu ya juu ya mlima Sineru. Akaja Sakka, ambaye ni Indra kwa jina jingine, akawanywesha, na walipolewa akawakamata miguu na kuwatupa chini ya mlima. Walipozinduka wakaapa kutoigusa sura tena, ndipo wakaitwa asura. Huko chini walikuta mti unaofanana na ule wa kwao. Kila unapochanua maua wanautazama, wanagundua kuwa siyo wenyewe, na wanapanda tena kupigana.

Sasa rudi kwenye RG Veda. Ni kazi ya kwanza ya kundi la wanawake wanaojiita CLAMP, ilianza kuchapishwa Japani mwaka 1989 na ikafikia vitabu 10. Jina ni la tenzi za India, lakini wahusika wamevaa majina ya Kibudha ya Kijapani, yaliyotokana na viumbe wa visa vya India: Yasha ni yaksha, Karura ni garuda, Kendappa ni gandharva. Indra humo ni Taishakuten, jemadari aliyempindua mfalme wa mbingu na kukalia kiti chake kwa miaka 300. Ashura ni mtoto aliyesalia wa ukoo uliokuwa ukiilinda mbingu hiyo. Mpe jina la shetani huyo mtoto, na hadithi nzima inasomeka kichwa chini miguu juu.

Wajapani wenyewe wanajua anatisha. Mahali pa vurugu za kutisha wanapaita shuraba, uwanja wa Ashura, na wachora manga hutumia neno hilohilo kwa zile siku za kukesha wakikimbizana na tarehe ya mwisho. Lakini katika hekalu la Kōfuku-ji, mjini Nara, ipo sanamu yake ya mwaka 734, yenye urefu wa sentimita 153, iliyotengenezwa kwa vitambaa vilivyogandishwa kwa utomvu wa mti. Nyuso tatu, mikono sita. Picha yake ninayo ukutani. Uso wa mbele ni wa kijana aliyekunja nyusi kama anayezuia kilio, na mikono miwili imekutana kifuani, anaomba.

Anayetaka neno la karibu kwetu aazime jini, maana mtu wa pwani anajua kuna majini na majini, wakali na wapole, na hawaiti wote mashetani. Hata hilo halitoshi, kwa sababu jini hakuwahi kunyang'anywa mbingu. Kwa hiyo mpwa wangu nimemshauri aache tu Ashura abaki Ashura, na akifika pale Taishakuten anapoketi kitini, ajiulize nani alikuwa na haki ya kukaa hapo. Yule jamaa wa sauti nitamwambia nikimwona. Binti wa mlangoni naye amechoka kugeukiwa.