Kuandikiana: Kiambishi Kinachosahauliwa Tunapozungumzia Barua za Wanabotania

Hivi karibuni nilimsikia tena msomi mmoja, mtu makini na mwenye nia njema, akiwaeleza wanafunzi kwamba wanabotania, yaani wataalamu wa mimea, wa karne ya 19 walikuwa na "mawasiliano mazuri", na mfano alioutoa ukawa "barua za Darwin", kana kwamba Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko, alikuwa akiandika peke yake na dunia nzima ikimsoma kimya. Si yeye wa kwanza kusema hivyo. Kwa kuwa kosa hili linazidi kuenea katika makala na mihadhara ya Kiswahili, na kwa kuwa lugha yetu inalo neno linaloweza kulizuia kabisa, nimeona nilieleze.

Dhana yenyewe haihitaji maneno mengi. Kuandikiana kwa wanabotania ni utaratibu wa kudumu wa watu waliopelekeana barua, sampuli za mimea iliyokaushwa, mbegu, michoro, maswali na majibu, kwa masharti yaliyoeleweka na pande zote, ili mimea ya nchi zilizo mbalimbali iweze kulinganishwa na kupewa majina. Wapo wanaosema "maandikiano", na neno hilo nalo linafaa.

Sasa tulitazame neno. Mzizi ni andik-. Ukiutia katika kauli ya kutendea unapata andikia, yaani kuandika kwa ajili ya mtu au kumpelekea mtu maandishi. Ukiongeza kauli ya kutendana unapata andikiana, na hapo hali inabadilika, kwa sababu kauli ya kutendana haikubali mtendaji mmoja. Hatuwezi kusema kwamba Joseph Hooker, mwanabotania wa Uingereza na rafiki wa Darwin, aliandikiana, tukaishia hapo; msikilizaji yeyote aliyelelewa na Kiswahili atauliza, "Na nani?" Silabi hiyo moja, -na, inatudai mtu wa pili, na inatudai jibu lake. Mtu aliyepeleka barua ishirini asijibiwe hata moja ameandika, na pengine ameandikia, lakini hajaandikiana na mtu.

Kitenzi andika kina maana nyingine ya zamani ambayo vijana wengi hawaitumii tena, nayo ni kupanga vitu mahali pake, kama tunavyosema kuandika meza. Mwanabotania wa wakati ule alifanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja: aliutandaza mmea juu ya karatasi, akapanga majani ili upande wa juu na wa chini yote yaonekane, kisha pembeni akaandika namba, mahali na tarehe. Neno waraka nalo linatufaa hapa, kwa sababu asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya jani la mti na pia ukurasa wa karatasi. Sijui lugha nyingi zinazoweza kuita kwa neno la asili moja kile kilichokaushwa na kile kilichoandikwa, na katika kifurushi cha mwanabotania viwili hivyo vilisafiri pamoja.

Mawasiliano ni neno jingine. Limetokana na wasili, na kiini chake ni kufikiana. Ni neno pana linalobeba simu, redio, barabara na hata wizara, na sina ubishi nalo linapotumika mahali pake. Udhaifu wake hapa ni kwamba linatosheka na kufika tu: ujumbe ukishafika, mawasiliano yamekuwepo. Linapotumiwa kuelezea wanabotania linaficha kile kilichorudi, na kilichorudi ndicho kilichofanya kazi ya botania iwezekane.

Chukua namna sampuli ilivyosafiri. Mkusanyaji aliyekuwa mbali, tuseme daktari wa meli au mke wa afisa katika koloni, alikata matawi kadhaa ya mmea uleule, akayapa yote namba moja, akabaki na moja na kupeleka mengine Ulaya au Marekani. Huko mtaalamu aliyalinganisha na sampuli za zamani zilizohifadhiwa katika herbaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, kisha akajibu kwa orodha: namba fulani ni mmea unaojulikana, namba fulani ni spishi mpya, namba fulani haikuwa na tunda kwa hiyo tafadhali peleka nyingine msimu ujao. Mkusanyaji alipoipokea orodha hiyo alifungua karatasi zake, akatafuta namba, akaandika jina. Ndiyo maana barua nyingi za wakati ule, zikisomwa bila sampuli zake, hazieleweki; zimejaa namba zinazoelekeza kwenye majani yaliyo katika kabati nyingine, pengine katika bara jingine. Anayezichapisha kama insha za mtu mmoja amevunja kitu kilichokuwa na sehemu mbili.

Hata mbegu zilikuwa na safari ya kwenda na kurudi. Mwishoni mwa 1836 Georgiana Molloy, mlowezi aliyekuwa akiishi Augusta, Australia Magharibi, alipokea kutoka kwa Kapteni James Mangles wa London sanduku la mbegu pamoja na ombi kwamba alirudishe likiwa na mbegu za huko Australia. Alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, na mimea iliyotokana na kazi yake ikawafikia wataalamu na watunza bustani wa Uingereza. Molloy hakuwa na shahada wala cheo. Alichokuwa nacho ni macho yake, maua yaliyomzunguka, na mtu aliyemjibu.

Mfano ambao msomi yule aliutaja, wa Darwin, ndio hasa unaompinga. Barua zinazojulikana leo, alizoandika Darwin na alizoandikiwa, ni takriban 15,000, na walioshiriki ni takriban watu 2,000. Kati yake na Joseph Hooker peke yao zimebaki zaidi ya 1,400, kuanzia 1843, Hooker alipokuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka bahari za kusini. Mnamo Aprili 1855 Darwin alimwandikia Asa Gray, mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Harvard, akimwuliza kuhusu mimea ya milimani ya Marekani. Gray hakuishia kumjibu kwa barua. Maswali yale yalimsukuma kufanya hesabu ya mimea ya kaskazini mwa Marekani, akaichapisha kuanzia 1856. Darwin naye, tarehe 5 Septemba 1857, akampelekea Gray muhtasari wa nadharia yake ya uteuzi asilia, ambayo wakati huo ilijulikana kwa watu wachache mno. Mwaka uliofuata Alfred Russel Wallace, mkusanyaji Mwingereza wa viumbe, alimtumia Darwin insha yake kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, akieleza wazo lilelile, na barua iliyokuwa imekwenda kwa Gray ikawa ushahidi kwamba Darwin alikuwa na wazo hilo kabla. Sehemu yake ilisomwa London tarehe 1 Julai 1858 mbele ya Linnean Society, chama cha wataalamu wa viumbe, pamoja na insha ya Wallace.

Tukio hilo linasahihisha kosa la pili, la kuziita barua hizi "binafsi" kwa maana ya siri. Zilikuwa na mambo ya nyumbani, ndiyo, magonjwa na vifo vya watoto, lakini mwandishi alijua kwamba aya ya katikati inaweza kusomwa kwa sauti katika mkutano wa wataalamu au kuchapishwa. William Hooker, baba yake Joseph, alichapisha katika majarida yake barua za wasafiri kama Richard Spruce akiwa bado Amazon. Friedrich Welwitsch, mwanabotania wa Austria, alipouona mwaka 1859, kusini mwa Angola, mmea wa ajabu wa jangwani wenye majani mawili tu yasiyokoma kukua, alimwandikia William Hooker mwaka uliofuata. Mwana ndiye aliyeueleza kitaalamu, mwaka 1863, akauita Welwitschia.

Nisieleweke kwamba kutendana maana yake ni usawa. Ferdinand von Mueller, Mjerumani aliyekuwa mwanabotania wa serikali huko Melbourne, aliandika maelfu ya barua na kuwashawishi watu wa kila aina, wakiwemo wanawake wengi waliokaa mashambani, wamkusanyie mimea. Alitamani yeye mwenyewe aandike kitabu kikuu cha mimea ya Australia. Kazi hiyo ilipewa George Bentham, mwanabotania wa Uingereza ambaye hakuwahi kukanyaga Australia, kwa hoja kwamba sampuli za wakusanyaji wa kwanza zilikuwa London na bila kuzilinganisha hakuna jina ambalo lingekuwa na uhakika. Mueller alikubali, akawa anapakia sampuli zake kwa makasha, zinakwenda kwa meli, Bentham anazichunguza, zinarudi. Juzuu saba zilitoka kati ya 1863 na 1878, na jina la Mueller likawekwa kama la msaidizi. Nikisoma habari hiyo naona uchungu wa mtu aliyetoa kingi kuliko alichopata, lakini bado ni kuandikiana, kwa kuwa kasha lilikwenda na kasha likarudi.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake. John Kirk, aliyekuwa mwanabotania wa msafara wa Livingstone katika mto Zambezi kabla ya kuwa daktari na baadaye balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alipeleka sampuli na barua Kew, bustani ya kifalme ya mimea iliyoko London, kwa miaka mingi. Mpira wa mwituni wa pwani, ule mtambaazi wenye utomvu, unaitwa Landolphia kirkii kwa ajili yake. Mwaka 1884 Kirk alipeleka Kew sampuli ya ua dogo la zambarau, na mwaka 1887 ikafika nyingine kutoka kwa W. E. Taylor, mmisionari yuleyule ambaye wapenzi wa mashairi ya Mombasa wanamjua kwa kazi yake juu ya Kiswahili. Sampuli hizo hazikutosha kulieleza ua hilo kitaalamu, zikakaa kabatini. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alilituma ua la Usambara kwa baba yake huko Ujerumani, na baba akalifikisha kwa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Wendland aliweza kulichunguza likiwa hai, na mwaka 1893 akaliita Saintpaulia ionantha. Wajerumani hadi leo wanaliita kwa jina la Usambara, ingawa wataalamu sasa wameliingiza katika jenasi nyingine. Wenyeji waliozijua njia za misitu ile na miamba yenye unyevu ambako ua hilo linaota hawamo katika orodha ya walioandikiana, na ni haki kulisema hilo wazi badala ya kulifunika kwa neno pana kama mawasiliano, ambalo humfanya kila mtu aonekane alikuwa na sauti.

Tuje kwenye hifadhi zenyewe, kwa sababu huko ndiko kosa linakozaliwa. Kew ina juzuu 218 za barua za miaka ya 1841 hadi 1928, zinazoitwa kwa Kiingereza kwa jina ambalo wengi wangelitafsiri "Maandikiano ya Wakurugenzi". Zilizomo kwa sehemu kubwa ni barua zilizoingia, zile ambazo wakurugenzi waliandikiwa kutoka kila pembe. Majibu yao yalikwenda Melbourne, Calcutta, Zanzibar na kwingineko, na kama yamebaki, yamebaki huko. Kwa hiyo mtafiti anayesoma juzuu hizo peke yake anasoma kuandikiwa, na kwa Kiswahili tofauti ya kuandikiwa na kuandikiana ni ya herufi mbili tu ambazo hakuna sababu ya kuzipoteza.

Nikikutana tena na msomi yule nitamwomba abadilishe mstari mmoja katika maelezo yake. Pale alipoandika "barua za Darwin kwa Hooker na Gray", aandike "barua ambazo Darwin aliandikiana na Hooker na Gray", kwa kuwa swali lile la Aprili 1855 lilijibiwa.