Megalopolis na kicheko cha ukumbini

Ijumaa ya tarehe 27 Septemba 2024, mwongozaji Francis Ford Coppola alifungua katika kumbi za Marekani filamu aliyokuwa nayo kichwani kwa takriban miaka 40. Mzee alikuwa na umri wa miaka 85. Aliuza sehemu ya biashara yake ya mvinyo, akaweka mezani karibu dola milioni 120 za kwake mwenyewe, akamchukua Adam Driver na kundi zima la waigizaji wenye majina, akaifikisha Megalopolis hadi kwenye skrini kubwa za IMAX. Wikiendi ya kwanza iliingiza kama dola milioni 4. Watazamaji wa usiku wa kwanza waliojaza kadi za CinemaScore waliipa D+.

Tangu hapo mabishano hayajaisha. Wapo wanaosema mzee amechoka, angebaki tu na heshima ya filamu yake ya zamani, The Godfather. Wapo wanaoapa kuwa hii ni kazi kubwa iliyowazidi watu kimo. Mimi nahariri filamu, yaani nashinda na vipande vya picha nikiamua kipi kikae na kipi kitoke, na nikisoma mabishano hayo naona pande zote mbili zinamjadili Coppola kuliko zinavyojadili kilichotokea ukumbini. Kilichotokea ni kwamba watu walicheka, na walicheka mahali ambapo waliokaa kando yao walikuwa wamekaza macho. Kicheko kile kina chanzo, na chanzo chenyewe kiko ndani ya picha. Kinaonekana ukitazama kwa makini.

Kwanza hiyo D+, maana imegeuzwa rungu. CinemaScore ni kampuni ya Las Vegas inayogawa kadi kwa watazamaji usiku wa kwanza wa filamu, katika miji kadhaa ya Marekani. Mtu anatoa alama kuanzia A hadi F, anataja umri na jinsia yake, anaeleza kilichomleta. Sasa jiulize ni nani anayekwenda usiku wa kwanza: ni yule aliyekwisha kuipenda filamu kabla hajaiona. Ndiyo maana nyingi hupata A au B, na ndiyo maana D ni habari. Alama ile inapima zaidi kama mtu alipewa alichoahidiwa. Mwaka 2002, Solaris ya Steven Soderbergh, iliyotangazwa kama kisa cha mapenzi huku George Clooney akiwekwa mbele, ilipata F. Mwaka 2017, mother! ya Darren Aronofsky ilipata F vilevile, watu wakiwa wameingia wakitegemea filamu ya kutisha waliyoizoea. Zote mbili zina watetezi wa dhati hadi leo.

Megalopolis iliahidi nini? Mwezi Agosti 2024 ilitoka trela iliyoanza kwa nukuu za wahakiki wa zamani wakizibeza kazi kubwa za Coppola. Ujumbe ulikuwa wazi: walikosea wakati ule, watakosea na sasa. Muda si mrefu ikagundulika kuwa nukuu zile ni za kubuni, na wasambazaji, Lionsgate, wakaiondoa trela na kuomba radhi. Aibu hiyo imezungumzwa sana. Kisichozungumzwa ni madhara yake kwa aliyenunua tiketi: aliingia ukumbini akiwa ameshakabidhiwa kazi ya hakimu. Anatazama ili aamue nani yuko sahihi, Coppola au wapinzani wake. Mtu wa namna hiyo hatulii ndani ya hadithi, anabaki juu yake, na aliye juu ya hadithi hucheka upesi.

Hadithi yenyewe, kwa kifupi, inatokea New Rome, yaani New York iliyovishwa mavazi ya Kirumi. Cesar Catilina ni msanifu majengo mwenye uwezo wa kusimamisha wakati, na amegundua kitu cha ajabu cha kujengea kiitwacho megaloni. Meya Franklyn Cicero hataki ndoto zake. Julia, binti wa meya, anampenda Cesar. Msingi wake ni njama ya Catilina ya kuipindua serikali ya Roma mwaka 63 KK, ambayo Coppola aliihamishia Marekani ili aulize kama dola kubwa inaweza kuporomoka bila wenyewe kujua.

Sasa twende kwenye meza ya uhariri, maana hapa ndipo penye jambo.

Katika filamu nyingi mwongozaji huchagua sauti moja, ya msiba au ya mzaha, na mhariri anailinda. Tunailinda kwa nyuso. Mhusika akisema neno la kushangaza, tunakata na kuonyesha uso wa anayemsikiliza. Uso ule ndio unaomwambia mtazamaji acheke au anyamaze. Ni kazi ndogo isiyotambuliwa na wengi, lakini ukumbi mzima unaongozwa nayo. Uso ukichelewa hata robo ya sekunde, au usipokuwepo kabisa, kila mtazamaji inabidi ajiamulie peke yake.

Megalopolis inawaacha watu wajiamulie karibu kila dakika. Driver anaigiza kama yuko jukwaani. Kuna mahali Cesar anasimama mbele ya waandishi wa habari na kuanza kughani maneno ya Hamlet, mhusika wa Shakespeare, kuhusu kuwa na kutokuwa, bila haraka yoyote. Aubrey Plaza, kama mtangazaji wa televisheni Wow Platinum, anacheza vichekesho vya wazi, tena kwa ustadi mkubwa. Shia LaBeouf, kama Clodio, yuko kwenye kejeli chafu ya siasa. Giancarlo Esposito, kama meya Cicero, anaigiza tamthilia ya heshima, na Nathalie Emmanuel, kama Julia, yuko kwenye kisa cha mapenzi cha kimyakimya. Mara nyingi wawili kati yao wako ndani ya fremu moja, kila mmoja na filamu yake.

Chukua tukio la ofisini. Julia amekwenda kumwona Cesar, anataka nafasi ya kujifunza kwake. Cesar anamdharau, anamuuliza kama mwaka mmoja wa masomo ya udaktari unampa haki ya kuchokonoa utajiri wa akili yake. Julia anaudaka ule usemi wa kupewa haki na kumrudishia kama swali. Cesar anajibu. Julia anaurudisha tena. Neno linakwenda na kurudi kuliko mazungumzo ya kawaida yanavyovumilia, kisha Cesar anamwambia arudi zake klabu, na neno klabu Driver analivuta mpaka linakaribia kuwa wimbo. Kipande hicho kilizagaa sana mitandaoni.

Je, ni Cesar anayemkejeli Julia, au ni Driver aliyepitiliza? Ningepewa tukio hilo nilihariri bila maelekezo, pengine ningekata ule mrudio ubaki mara moja, niweke uso wa Julia ukiumia au ukizuia kicheko, na utata ungekwisha hapo. Coppola aliuacha. Anayejua namna anavyofanya mazoezi hashangai: huwapa waigizaji michezo ya jukwaani, huwaacha wabuni, kisha hukiheshimu kilichopatikana. Megadoc, filamu ya Mike Figgis iliyofuatilia utengenezaji wa Megalopolis, inayaonyesha mazoezi hayo. Mrudio ule ni mchezo wa mazoezini ulioingia kwenye filamu ukiwa na uhai wake wote, na kwangu mimi ni moja ya sehemu zake bora. Lakini umeachwa bila uso wa kumwongoza mtu. Ukumbi unapojaa, anayecheka wa kwanza ndiye anayeamua. Akitokea, dakika 20 zinazofuata zinageuka vichekesho hata kwa waliokuja na nia njema. Asipotokea, watu wale wale wanatoka wakisema wameona kitu kizito.

Lipo pia suala la mtu mwenye kipaza sauti. Kwenye onyesho la tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, tarehe 16 Mei 2024, katikati ya filamu mtu halisi alisogea mbele ya skrini na kumuuliza Cesar swali, naye Cesar akajibu kutoka kwenye picha. Baadaye jambo hilo lilirudiwa katika maonyesho maalumu machache, ila watazamaji wengi hawakulipata. Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliliandika kama kioja. Kwetu tuliokulia kwenye vibanda umiza, ambako marehemu Lufufu alikuwa akiwatafsiria watu picha huku akiwasemea wahusika, au kule Kenya ambako DJ Afro anafanya hivyo hivyo, mtu kusimama kati ya filamu na watazamaji si kioja hata kidogo. Kibandani watu wanajua wapige kelele wapi kwa sababu kuna sauti inayowaongoza. Coppola aliitamani hali ile ya watu kuzungumza na picha, lakini akaitoa kwa dakika moja tu kisha akawarudisha kwenye ukimya.

Wahakiki nao waligawanyika. Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, inaonyesha kuwa chini kidogo ya nusu yao waliipenda, ila asilimia ile huhesabu ndiyo na hapana tu. Filamu ambayo kila mtu anaiona ya wastani na filamu ambayo nusu wanaiabudu na nusu wanaichukia zinaweza kupata namba ileile. Februari 2025 waandaaji wa Razzie, tuzo za kejeli kwa filamu mbovu, walimtangaza Coppola mwongozaji mbaya kuliko wote wa mwaka, na mwenyewe akaipokea tuzo kwa furaha.

Watetezi wake hupenda kuitaja Apocalypse Now, kwamba nayo ilibezwa kabla ya kuheshimiwa. Siukubali mfano huo. Filamu ile ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, ya mwaka 1979 kwa kugawana na filamu nyingine, ikapata Oscar mbili na ikarudisha fedha. Inayofanana na Megalopolis ni One from the Heart ya mwaka 1982: iligharimu kama dola milioni 26, haikufikisha hata dola milioni moja kwenye kumbi za Marekani, ikamponza Coppola akapoteza studio yake ya Hollywood na kutumia miaka mingi kuongoza filamu za wengine ili alipe madeni. Januari 2024, miezi michache kabla ya Cannes, aliirudisha One from the Heart ikiwa imehaririwa upya. Apocalypse Now ameirudia mwaka 2001 na 2019. The Cotton Club ameirudia, na sehemu ya tatu ya The Godfather ameirudia mwaka 2020. Kwa mtu huyu, filamu haifungwi siku ya kwanza ya maonyesho.

Kwa hiyo naamini Megalopolis tuliyoiona si lazima iwe ya mwisho, na kama mhariri najua ningegusa wapi. Setilaiti ya Kisovieti inapoanguka juu ya jiji, Coppola anatuonyesha vivuli vya watu wakihangaika kwenye kuta za majengo, picha nzuri kupita kiasi, kisha anaiacha baada ya muda mfupi kana kwamba hakuna aliyekufa. Cesar anapigwa risasi na kuponywa kwa megaloni kabla hatujapata nafasi ya kumhofia. Ghasia za Clodio zinazimwa kwa hotuba. Katika sehemu hizo, hata sisi tunaoipenda hatujui tumlilie nani. Zile sanamu kubwa za jiji zinazolegea na kukaa chini kwa uchovu usiku Cesar anapopita na gari, ningeziongezea muda. Tukio la ofisini nisingeligusa, pamoja na ule mrudio na lile neno klabu lililovutwa.