Kabla Hujanyanyua Stesheni Yako kwa Safari za Porini

Korosho zikishalipwa, gereji za Mtwara, Masasi na Nachingwea hupata ombi lile lile: "Fundi, ninyanyulie hii gari." Gari lenyewe ni stesheni wagoni, kama Forester, Legacy, Outback au Caldina, na mwenyewe anataka kuingia Nangurukuru kwenda Liwale, kushuka kutoka Newala hadi bonde la Ruvuma, au kupeleka familia ufukweni Msimbati bila kuazima Land Cruiser ya mtu. Linawezekana. Ila sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunabishana na wateja, na mara nyingine na mafundi wenzetu, juu ya kipi kitangulie. Kunyanyua kunaonekana na jirani, ndiyo maana watu hukimbilia huko, wakati kazi hiyo ni ya karibu na mwisho.

Hakikisha kwanza kwamba gari lako kweli linaendeshwa na magurudumu yote manne. Caldina, RAV4 na X-Trail zilitengenezwa za aina zote mbili, na beji iliyobandikwa nyuma si ushahidi, maana beji zinauzwa. Inama uchungulie chini kwa nyuma. Kama hakuna propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma) inayotoka mbele wala difu (boksi la gia linalogawa nguvu hiyo) katikati ya magurudumu ya nyuma, hilo linavuta mbele tu. Mchanga wa Msimbati si wake.

Sasa tuje kwenye tairi, na hapa nitakaa kidogo.

Kwenye gari la namna hii injini inazungusha ekseli ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, na katikati kuna klachi au kifaa kingine kinachoruhusu tofauti ndogo ya mzunguko, kwa mfano gari linapokata kona. Tairi moja ikiwa ndogo kuliko nyingine, tofauti ile haiishi. Kifaa kinafanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka, kinapata moto, kinachakaa. Subaru hupendekeza tofauti ya mzunguko kati ya tairi isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6. Piga hesabu: kashata, yaani meno ya tairi, ikiisha kwa milimita 1 tu, mzunguko wa tairi unapungua kwa milimita 6 na kidogo. Tairi mpya huwa na kashata ya karibu milimita 8. Kwa hiyo anayenunua tairi mbili mpya na kuacha mbili zilizofika nusu, ameweka tofauti ya milimita 25. Baada ya muda atalalamika kwamba gari linashika na kuruka ruka akikata kona kali taratibu, na fundi atamwambia giaboksi imeanza.

Kupima ni rahisi. Jaza upepo sawa kote, chukua futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya kila tairi, andika. Tairi za mtumba zipimwe kabla hujalipa, na usome tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwandani iliyo ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi tairi ya mtumba kwa safari ya porini siishauri hata ikiwa na kashata nzuri, kwa sababu kinachoumia huko ni ubavu, na ubavu wa tairi kuukuu hauonyeshi umri wake mpaka ukutane na kisiki.

Ukubwa usipande sana. Gari lililotoka kiwandani na 215/60R16 likivishwa 215/65R16, kipenyo kinaongezeka karibu milimita 21 na gari linapanda nusu yake, kama milimita 11. Spidomita nayo itadanganya kidogo: ikionyesha 80, unakwenda karibu 83. Kabla ya kufunga, kata usukani mpaka mwisho pande zote uone kama tairi haigusi bodi wala springi. Tairi ya akiba iwe ya saizi hiyo hiyo. Ile nyembamba ya dharura ni ya kufika gereji iliyo karibu, na baadhi ya Subaru za otomatiki za zamani zina sehemu ya kuchomeka fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti, ili nyuma pasisukume wakati umeivaa.

Baada ya tairi, kagua bushi, boljointi, shokapu na mabomba ya breki. Hakuna la kuremba hapo, kilichochoka kibadilishwe.

Ndipo tuzungumzie kunyanyua. Forester nyingi zina nafasi ya karibu milimita 200 chini, na hiyo si haba. Tatizo la wengi ni nyuma kushuka wakishapakia. Pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi gari likiwa tupu, kisha pima tena likiwa na abiria na mizigo. Kama linashuka sana, dawa ni springi za nyuma zinazolingana na mzigo. Baadhi ya Forester zina shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe. Zikifa, ukiweka za kawaida badilisha na springi, kwa kuwa za awali ni laini.

Spesa za juu ya shokapu, yaani vipande vya kuinulia gari, zinakubalika zikiwa za inchi 1 au zaidi kidogo. Ukipita hapo, shafti za magurudumu zinakaa kwa pembe kali, jointi zake zinakula haraka, magurudumu yanapinda na kula tairi upande mmoja. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine, baada ya kunyanyua ni lazima, hata fundi akikuambia kwa jicho yako sawa.

Sahani ya kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini) inafaa sana kwa njia zenye visiki na makorongo. Iwe na tundu la kumwagia oili na matundu ya hewa, la sivyo utakuwa umeifungia injini joto.

Keria ya juu ndiyo inayoharibu magari mengi mazuri. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40, na bado hujapandisha tairi ya akiba, mahema na mkungu wa ndizi uliopewa njiani. Kikomo cha paa kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na uzito wa keria yenyewe unahesabiwa. Kizito kikae chini, katikati ya gari.

Kwenye mchanga, punguza upepo hadi psi 18 au 20, nenda kwa mwendo wa taratibu usiokatika, usikate kona ghafla. Beba pampu ya upepo ya umeme wa gari, ujaze tena kabla ya kurudi lamini. Gari la otomatiki likizungusha tairi muda mrefu, taa ya joto la oili ya giaboksi itawaka. Simama, weka P, iache injini iwake mpaka taa izime. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili shida inageuka kuwa tope na maji, na difu iliyopata moto ikiingia mtoni ghafla huvuta maji kupitia tundu lake la kupumulia. Kurefusha mpira wa tundu hilo hadi juu ni kazi ndogo ambayo wengi hawaijui.

Rangi, injini na aina ya bodi vimo kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha kimojawapo, taarifa ziende TRA (Mamlaka ya Mapato), na kampuni yako ya bima iambiwe kila ulichoongeza.

Ukirudi safari ya kwanza, rudisha gari gereji nati zote zilizofunguliwa zikazwe upya. Mwombe fundi aangalie mipira ya jointi za shafti. Ukiona grisi imetapakaa upande wa ndani wa ringi, mpira umepasuka; ubadilishwe siku hiyo hiyo, kabla mchanga haujaingia kwenye jointi.