Si kila biashara iliyozuiwa imewekewa vikwazo

China ikigombana na nchi yoyote, mizigo ikaanza kukwama bandarini, wachambuzi wetu wana sentensi moja tu: China imeweka vikwazo. Ushuru ukipanda, vikwazo. Nyama ikikataliwa na wakaguzi, vikwazo.

Vikwazo vya kiuchumi ni hatua ya dola, au kundi la madola, kumkatia mlengwa biashara, fedha au safari ili abadili mwenendo wake wa kisiasa. Na hutangazwa. Hilo ndilo linalosahaulika. Julai 1996, Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Burundi, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuiwekea vikwazo, na masharti wakayataja: bunge lirejeshwe, vyama viruhusiwe, mazungumzo yaanze. Bujumbura ilijua nani anaibana na inatakiwa kufanya nini. Vilisitishwa Januari 1999.

Sasa tazama Australia. Aprili 2020 serikali ya Scott Morrison ilidai uchunguzi huru kuhusu chanzo cha Uviko-19. Mwezi uliofuata shayiri yake ikatozwa ushuru wa asilimia 80.5 nchini China, baadaye yakafuata makaa ya mawe, kambakoche na mvinyo. Lakini karatasi za Beijing zilisema nini? Kwamba shayiri iliuzwa kwa bei ya chini isivyo halali, kwa mujibu wa uchunguzi uliofunguliwa Novemba 2018. Machinjio manne ya Australia nayo yalisimamishwa kuuza nyama China kwa kasoro za lebo na vyeti vya afya. Uviko haukutajwa popote. Lithuania, iliyoiruhusu Taiwan, kisiwa ambacho China inakihesabu kuwa chake, kufungua ofisi katika mji mkuu wake Vilnius mwaka 2021, ilijikuta haipo kwenye mfumo wa forodha wa China. Bidhaa zake hazikupigwa marufuku, ila hazikuwa na pa kuandikishwa!

Kukaa kimya huko kuna hesabu. Kwa miaka mingi China imeilaumu Marekani kwamba vikwazo visivyopitia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa si halali, hivyo dola linalosimamia hoja hiyo haliwezi kuviweka hadharani bila kujiumbua. Tena, kisichotangazwa huondolewa bila kukiri kushindwa. Na mlengwa akienda Shirika la Biashara Duniani, kama Australia ilivyofanya Desemba 2020, anajikuta akibishana juu ya hesabu za bei ya shayiri, ilhali ugomvi wenyewe ni wa siasa. Ushuru ule ulifutwa Agosti 2023, baada ya Australia kukubali kusimamisha shauri lake.

(Madini ya chuma ya Australia, kwa taarifa yenu, hayakuguswa hata siku moja. Viwanda vya chuma vya China viliyahitaji.)

Sisemi China haina vikwazo. Machi 2021 iliwawekea baadhi ya wabunge wa Ulaya, kwa majina na kwa tangazo, kujibu hatua za Umoja wa Ulaya kuhusu Xinjiang, jimbo la China ambako inalaumiwa kuwakandamiza Waislamu wa Uighur. Juni mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kupinga vikwazo vya kigeni. Hapo neno limekaa mahali pake. Kwa shayiri na kambakoche, ndugu wachambuzi, semeni shinikizo la kibiashara, kisha mtueleze na kisingizio kilichoandikwa kwenye karatasi.