Je, wajua kwa nini waya wa mbele wa boti ya matanga haunyooki?

Simama ufukweni Msasani, Dar es Salaam, alasiri, upepo wa bahari ukishashika, utazame boti za matanga zinazokwenda mbisho, yaani zikipanda dhidi ya upepo, kuelekea kisiwa cha Bongoyo. Kutoka juu ya mlingoti kuna waya unaoshuka hadi omo, yaani ncha ya mbele ya boti, na tanga la mbele limeshikizwa hapo. Ukiwa mbali utaapa kwamba umenyooka kama rula. Panda botini, kaa omo, fuata waya kwa jicho kwenda juu: umepinda, katikati yake imesukumwa demanini, yaani upande unakoelekea upepo, na kurudi nyuma kidogo.

Aliyewahi kuanika nguo anajua sababu. Ikaze kamba utakavyo, ukitundika shuka lililolowa itabonyea. Kwenye boti, shuka ni tanga na uzito ni upepo. Tuseme waya una mita 10, na tanga linausukuma kwa jumla ya nguvu ya kilo 80. Ili upinde sentimita 10 tu, lazima uvutwe kwa nguvu ya kilo 1,000 hivi. Unataka sentimita 5? Kilo 2,000. Sentimita 1? Tani 10, na hapo mlingoti au boti yenyewe itakuwa imeshasalimu amri. Mnyoofu kabisa haupatikani kwa bei yoyote.

Lakini si kila anayeona waya umelegea akimbilie kuukaza. Waya ukipinda, kitambaa cha tanga kinapata nafasi na tanga linaota tumbo. Tumbo ni nguvu, kama gia namba moja ya daladala inayopanda mlima: haikimbizi, lakini inasukuma. Upepo ukiwa hafifu na mawimbi yakiigonga omo, hiyo ndiyo gia unayoitaka. Ukingo wa mbele wa tanga nao unakuwa wa mviringo zaidi, kwa hiyo hata mshika usukani akiyumba kidogo, tanga halipigi kelele mara moja. Gharama yake ni kwamba boti haiwezi kuukaribia sana upepo. Wakati wa kaskazi, anayetoka Msasani kwenda kisiwa cha Mbudya upepo unamkabili, na tanga lenye tumbo kubwa litamwongezea safari. Wakati wa kusi, kasheshe hiyo inamngoja anaporudi.

Upepo ukizidi, sasa, unataka tanga bapa ili boti isilale ubavu. Na hapa ndipo upepo unapokuwa mkaidi. Ukitoka maili 8 za bahari kwa saa hadi 16, nguvu yake haiwi mara mbili bali mara nne. Waya usipoguswa utazidi kupinda na tumbo litakua, saa ileile unayotaka lipungue.

Kwa hiyo mabaharia hukaza. Cha ajabu, kwenye boti nyingi hawaugusi waya wa mbele wenyewe. Wanavuta ule wa nyuma, unaotoka mlingotini hadi tezi, yaani ncha ya nyuma ya boti. Mlingoti unarudi nyuma, wa mbele unakazika. Boti isiyo na waya wa nyuma hutegemea nyaya za pembeni zilizofungwa nyuma kidogo ya mlingoti, pamoja na demani ya tanga kubwa (hapa demani ni kamba ya kulivutia tanga). Ukiilegeza demani hiyo ghafla, waya wa mbele nao unalegea.

Fundi wa matanga huujua mpindo huu kabla hajakata kitambaa, na hukata ukingo wa mbele kwa kuubonyeza ndani kidogo ili uufuate waya. Ndiyo maana tanga la mtumba lililoshonewa boti nyingine linaweza kukataa kukaa vizuri, hata kama vipimo vyake vya urefu ni sawasawa.

Ngalawa haina shida hii, kwani tanga lake limefungwa kwenye foromali, mti wa mshazari unaolibeba juu, na mti huo una mpindo wake.

Ukitaka kupima kwa jicho, kaza henza (kamba ya kupandishia tanga) isiyotumika karibu na waya iwe mstari mnyoofu, kisha tazama pengo. Ila skrubu ya waya wa mbele usiifungue kabla hujafunga henza imara omo kuushikilia mlingoti, na uhesabu mizunguko. Mkishatia nanga, legeza waya wa nyuma. Hakuna haja ya boti kulala usiku kucha ikiwa imevutwa ncha zote mbili.